Kitoweo cha Jarubani: Vyakula vya Pori katika Mashamba ya Mpunga ya Bukini

Ukimwuliza mwanafunzi wa shule ya msingi shamba la mpunga hutoa nini, atajibu bila kusita kwamba hutoa mpunga, nasi walimu tutampa alama yake na kuendelea na swali linalofuata. Vitabu vyetu vya jiografia havina jibu jingine. Huorodhesha mazao kwa majina na kwa tani, na kila kisichopimwa kwa tani huitwa gugu au mdudu mharibifu. Lakini tungemwuliza swali hilo hilo mwanamke aliyeshinda ndani ya maji ya jaruba tangu alfajiri, angetufunulia kapu lake kabla ya kutujibu, na humo tungeona samaki wadogo wa kidole kimoja, vyura, konokono, fungu la majani mabichi, na pengine mkunga mmoja ambaye bado anajinyonganyonga. Hayo nayo ni mazao ya shamba la mpunga. Hakuyapanda mtu, wala hakuna ofisi iliyoyaandika.

Katika makala haya tunakusudia kulisoma kapu hilo kama wanahistoria wasomavyo hati za kale. Tumechagua kisiwa cha Bukini, ambacho katika ramani za siku hizi huandikwa Madagaska, kwa sababu ni jirani yetu wa baharini, kwa sababu watu wake ni wapenzi wa wali kupita wengi ulimwenguni, na kwa sababu lugha yao imechukua maneno mengi kutoka upande wetu wa bahari. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani ili atambue kwamba *omby* ni ng'ombe, *ondry* ni kondoo, *akoho* ni kuku, *akanga* ni kanga na *amboa* ni mbwa. Wanyama wa kufugwa waliingia katika lugha ya Wabuki kwa mlango wa Kibantu.

Mlango wa chakula cha kila siku ulikuwa mwingine. Mpunga na wali huitwa *vary*, na neno hilo, kama sehemu kubwa ya lugha yenyewe, lilitoka Mashariki ya mbali, katika kisiwa cha Borneo. Mtaalamu wa Kinorwe, Otto Christian Dahl, alionyesha mwaka 1951 jinsi Kibuki kinavyofanana na lugha ya Kimaanyan inayosemwa kusini-mashariki ya Borneo, na wataalamu waliomfuata wameuthibitisha udugu huo. Pamoja na *vary* lilikuja neno *laoka*, ambalo Wamalay hulisema *lauk*. Maana yake ni kile kinacholiwa pamoja na wali; yaani, bila kuongeza wala kupunguza, ni kitoweo. Na kama vile watu wa pwani yetu wasemapo kitoweo wakakusudia samaki, ndivyo ilivyo katika baadhi ya lahaja za Kibuki, ambamo *laoka* imekuwa jina la samaki mwenyewe. Huko nyanda za juu jina moja la samaki ni *hazandrano*, maana yake mawindo ya majini. Tunaomba msomaji aliweke akilini neno hilo. Ni neno la watu ambao kwao samaki ni mnyama wa kuwindwa, na uwanja wa mawindo hayo, kwa watu walio mbali na bahari, ni mto, kinamasi na jaruba.

Mpunga umekaa Bukini tangu zamani sana. Wachimbuaji wa mambo ya kale walipozichambua punje zilizoungua katika vijiji vya kale vya visiwa vya Ngazija na jirani zake, na katika bandari ya Mahilaka iliyoko kaskazini-magharibi ya Bukini, waliona mpunga na choroko za Asia zikitawala, hali katika vijiji vya bara la Afrika vya wakati huo huo, kuanzia karibu na karne ya 8, mtama, uwele na ulezi ndivyo vilivyokuwa vingi. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2016. Baadaye mpunga ulizidi kupendwa upande wetu pia, Pemba ikiwa mfano mzuri, na jahazi zikawa zikiuchukua kutoka Bukini. Wareno walipoingia katika bandari za kaskazini-magharibi mwaka 1506 waliwakuta wafanyabiashara Waislamu wa mwambao wakipakia mchele wa kupelekwa Malindi na Mombasa. Basi wazee wa miji yetu walikula wali wa Bukini miaka mia tano iliyopita. Kitoweo cha jarubani hawakukipata, kwa kuwa chura na mboga mbichi havisafirishwi kwa jahazi. Ndiyo maana biashara hiyo ya kale imeacha kumbukumbu za mchele peke yake.

Tuingie sasa nyanda za juu, katika nchi ya Imerina, ambako kilimo cha majaruba kilikuzwa kikawa nguzo ya dola. Mahali ulipo mji wa Antananarivo palizungukwa na kinamasi kikubwa kiitwacho Betsimitatatra, kilichojaa mafunjo na nyasi za majini na kugeuka ziwa kila yalipofika mafuriko ya mto Ikopa. Mapokeo yanasema kwamba Andrianjaka, aliyeutwaa mlima huo mwanzoni mwa karne ya 17, ndiye aliyeanza kukikausha kinamasi na kukigeuza mashamba. Kazi hiyo iliendelezwa na wafalme waliofuata hata ikafikia kilele chake chini ya Andrianampoinimerina, aliyetawala tangu karibu mwaka 1787 hadi alipofariki mwaka 1810. Mfalme huyu aliwakusanya watu kwa zamu kujenga na kutengeneza kingo za mito na kuchimba mifereji. Alipotaka kueleza upana wa utawala alioutamani, alisema kwamba mpaka wa jaruba lake ni bahari. Na wanawe na wajukuu waliichukua kauli hiyo kama wosia wa kukiteka kisiwa kizima. Mapokeo ya wafalme hao yalikusanywa na padri Mfaransa, Callet, na kuanza kuchapishwa katika miaka ya 1870, na ni hazina ambayo sisi tusiokuwa na vitabu vya namna hiyo kwa falme zetu nyingi tunaionea wivu.

Lakini tutazame upande wa pili wa kazi hiyo kubwa. Kinamasi hakikuwa mahali patupu. Palikuwa na samaki, mikunga, vyura, bata wa mwitu na wadudu wa majini, na watu walikuwa wakivila. Kinamasi kilipogeuzwa majaruba, bata wengi na mafunjo yalirudi nyuma. Lakini viumbe vinavyoweza kuishi katika maji ya kina cha shibiri moja, yanayoingia kwa mfereji na kukauka kwa msimu, vilihamia shambani pamoja na maji. Jaruba si bwawa wala si nchi kavu. Ni kinamasi kilichofundishwa adabu na jembe. Kwa sababu hiyo mkulima wa Imerina hakuacha kuwa mwindaji alipoanza kulima mpunga. Alileta mawindo yake karibu na mlango wake.

Ukitaka kufahamu thamani ya mawindo hayo, uangalie kalenda. Katika nyanda za juu miche hupandikizwa zaidi baada ya kuanza kwa mvua, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na mavuno makubwa huja kati ya Machi na Mei. Katikati hapo ghala huwa tupu, bei ya mchele hupanda, na mpunga uliopo shambani bado ni majani. Wabuki wana jina la majira haya: huyaita *maitso ahitra*, yaani majani mabichi. Ni jina lenye uchungu ndani yake, kwa kuwa nchi nzima huwa kijani na nzuri kupita wakati mwingine wowote, na tumbo huwa tupu. Wakulima wetu wanaujua msimu huo chini ya majina yao wenyewe.

Ajabu ni kwamba miezi hiyo ya njaa ndiyo miezi ya neema ndani ya maji ya jaruba. Mvua imeyajaza mashamba, samaki wamepanda mifereji na kutaga mayai kati ya mashina, vyura wanalia usiku kucha, na mboga za kingoni zimechipua. Shamba lile lile linalomfanya mwenyewe asubiri wali ndilo linalompa cha kuteleza nao huo wali mchache alionao, au mihogo na viazi vilivyochukua nafasi yake. Kwa maneno mengine, shamba la mpunga hulisha mara mbili: kwanza hulisha kwa kile kisichopandwa, kisha kwa kilichopandwa. Anayeandika historia ya njaa katika nchi ile kwa kuhesabu magunia ya mpunga peke yake ataeleza kwa nini watu waliona njaa, lakini hataeleza ni kwa namna gani wengi wao waliiona Machi wakiwa hai.

Uwindaji huu ni wa wanawake na watoto zaidi. Huingia majini wakiwa na matunga ya kusukwa, huyakokota kati ya mashina au kwenye mifereji, huyainua, huacha maji yachuruzike na kuchagua kilichobaki. Wasomaji wetu wa pwani wataikumbuka mara moja kazi ya kutanda, ambayo mama zetu huifanya kwa tandio katika maji ya chini ya bamvua; mwendo wa mwili ni ule ule. Pamoja na samaki hutoka uduvi, viluwiluwi, na wadudu wa majini wenye maganda magumu, ambao hukaangwa na kutafunwa na watoto kama bisi. Nzige nao walikuwa chakula kilichosifiwa. Wageni wa Kizungu wa karne ya 19 waliandika kwa mshangao jinsi wingu la nzige lilivyopokewa Imerina kwa kilio na kwa furaha pamoja, kwa kuwa lililokula mpunga lililiwa nalo, likakaushwa na kuuzwa sokoni. Sisi ambao shangazi zetu walitukaangia kumbikumbi hatuna sababu ya kushangaa pamoja nao.

Kwa upande wa mboga, ile iitwayo *anamamy*, yaani mboga tamu, si nyingine ila mnavu wetu, na huota kingoni na katika mashamba yaliyopumzishwa. Nyingine ni *anandrano*, mboga ya maji, yenye majani madogo ya ukali kidogo, inayopenda mifereji yenye maji yatembeayo. Mboga za namna hii hukatwakatwa na kupikwa pamoja na mchele katika chungu kimoja, uji ukawa mzito na wa kijani. Nacho chakula hicho huitwa *vary amin'anana*, wali na mboga, na hadi leo ndicho kifungua kinywa cha watu wengi wa nyanda za juu, maskini na matajiri.

Hapa ndipo kapu letu linapoanza kutushangaza. Hiyo *anandrano*, ambayo mtalii angedhani imeota hapo tangu kuumbwa kwa ulimwengu, asili yake ni Ulaya. Samaki wa rangi ya dhahabu, ambao sehemu nyingine za dunia huwekwa katika chupa ili watazamwe, waliletwa Bukini katika karne ya 19, wakatoroka au wakaachiliwa, wakaenea majarubani, na kwa vizazi kadhaa wamekuwa kitoweo cha kawaida. Samaki aina ya karpu waliletwa mwanzoni mwa karne ya 20 baada ya Wafaransa kuiteka nchi mwaka 1895. Tilapia, jamaa ya perege na sato wetu, waliletwa kutoka bara la Afrika katika miaka ya 1950. Samaki mla wenzake mwenye kichwa kama cha nyoka, ambaye Wabuki humwita *fibata*, aliletwa kutoka Asia katika miaka ya 1970. Ukiviondoa vyote vilivyowasili baada ya kufa kwa Andrianampoinimerina, kapu la samaki litabaki karibu tupu. Tumezoea kusema chakula cha pori tukikusudia chakula kisicho na historia. Katika majaruba ya Bukini pori lenyewe lina tarehe, na kila kizazi kimeliona pori lake kuwa ndilo la asili.

Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kuna wageni waliomponya mwenyeji kweli. Katika miaka ya 1980 wakulima wa nyanda za juu, kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, walihimizwa kufuga karpu ndani ya majaruba yenyewe. Mkulima huinua kingo, huchimba mtaro ambamo samaki watakimbilia maji yanapopungua, huweka chujio kwenye mlango wa maji, kisha huachilia vifaranga vya samaki miche ikishashika mizizi. Samaki hula wadudu na magugu, mavi yao hurutubisha udongo, na kabla ya kuvuna mpunga hutolewa maji na samaki huokotwa. Wakulima wengi walinufaika, na wanaendelea. Hata hivyo hatuna budi kusema kwamba jambo jingine lilibadilika kimyakimya. Samaki aliyejileta na maji alikuwa mawindo. Samaki aliyenunuliwa akiwa kifaranga ni mali. Mtoto wa jirani aliyeingia jarubani na tunga lake alikuwa mvuvi. Katika jaruba lenye karpu wa kufugwa, mtoto yule yule ni mwizi, na wizi wa samaki umekuwa moja ya malalamiko makubwa ya wafugaji hao. Maskini asiye na jaruba lake haonekani katika hesabu ya faida.

Katika mwongo huo huo, Padri Henri de Laulanié, Mjesuiti aliyefanya kazi na wakulima wa Bukini tangu mwaka 1961, aligundua mwaka 1983 kwamba miche michanga sana, ikipandwa mmoja mmoja kwa nafasi pana na shamba lisipofurikishwa wakati wote, huzaa kupita desturi. Njia yake imeenea katika nchi nyingi za Asia na Afrika, nasi tunaisifu. Ila ni njia ya mpunga, na inataka udongo wenye unyevu tu kwa siku nyingi. Samaki na kiluwiluwi hawaishi katika unyevu.

Wageni wengine hawakumponya mwenyeji. Ziwa Alaotra, kaskazini-mashariki ya Antananarivo, limezungukwa na bonde ambalo ni ghala kuu la mpunga wa kisiwa. Vinamasi vyake vilichomwa ili kupanua majaruba, na majini waliingizwa karpu, tilapia na *fibata*. Kibisi wa ziwa hilo, ndege ambaye hakupatikana penginepo duniani, alitangazwa mwaka 2010 kwamba ametoweka. Bata mzamaji wa huko alionekana Alaotra kwa mara ya mwisho mwaka 1991, akadhaniwa amekwisha, mpaka kundi dogo lilipogunduliwa mwaka 2006 katika maziwa ya mbali ya kaskazini.

Wala maji ya jaruba hayaleti kitoweo peke yake. Wanahistoria wa utabibu wameihusisha homa ya malaria iliyozuka Imerina karibu mwaka 1878 na kupanuka kwa mashamba ya maji, na nyanda za juu zilipigwa tena vikali kati ya mwaka 1986 na 1988. Konokono wa majini nao hubeba kichocho, na wanaokipata zaidi ni hao hao waingiao majini kutafuta chakula.

Tumemweka mgeni wa mwisho kwa makusudi. Mito ya misitu ya mashariki ina kamba wake wa maji baridi, waitwao *orana*, wanaopatikana Bukini tu na wanaokua polepole kwa miaka. Karibu na mwaka 2005 alionekana kamba mwingine, mwenye madoa kama ya marumaru, katika masoko na majaruba ya Antananarivo. Kamba huyu alijulikana kwanza mwaka 1995 miongoni mwa wafugaji wa samaki wa mapambo nchini Ujerumani. Wote ni majike. Kila mmoja hutaga mamia ya mayai bila dume, na watoto wote ni sawa na mama yao, hivyo kamba mmoja aliyetupwa mferejini anatosha kuanzisha taifa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba eneo alilokalia lilikuwa limeongezeka mara mia moja katika miaka kumi tangu 2007. Wabuki walimwita *foza orana*, yaani kaa-kamba, kana kwamba hawakuamua bado yeye ni nani.

Mwanzoni wakulima walimlaumu kwa kutoboa kingo na kukata miche, na wataalamu walimwogopa kwa ajili ya *orana* wa msituni. Kisha akaingia kapuni. Leo huuzwa kwa sahani kando ya barabara, ni kitoweo rahisi kwa watu ambao nyama ni ya sikukuu, na watafiti waliowahoji wananchi wamekuta wengi wakimhesabu kuwa msaada. Tena imeonekana katika majaribio ya maabara kwamba kamba huyu hula konokono wanaobeba kichocho, na wako wanaochunguza kama anaweza kuwapunguza mashambani.

Wataalamu wanashauri jambo moja: auzwe akiwa amekufa, asichukuliwe akiwa hai kwenda wilaya nyingine, kwa maana hivyo ndivyo anavyosambaa. Ushauri huo ni wa haki. Lakini sokoni hakuna barafu, jua ni kali, na mama anayenunua kitoweo cha watoto wake humgusa kamba kwa kidole kwanza. Akiona miguu inacheza, ndipo anapofungua pindo la nguo yake na kutoa pesa.